Mukulu Mwenye Alitaka Kuitwa Mwami

Baba yangu ni mutoto wa mwami. Hii maneno niliisikia mbele nijue kutembea. Asubui anaisema mbele ya kuosha uso. Mutu akimukanyaga mu njia ya soko, anaisema. Siku ile Mama alizaa mutoto mwenye hakulia, bajirani balikimbia kumuita Baba pa cabaret ya pombe. Alifika, akasimama ku mulango, akasema, "Mutoto wa mwami haingiake mu nyumba yenye iko na damu." Kisha akarudilia kikombe yake.

Ninaandika maisha yake juu batu ba quartier yetu, hapa Butembo, banaanza kuipamba. Banasema alikubali kufungwa juu ya ndugu yake. Hapana. Miye nilikuwa pale.

Jina yake ni Mumbere Zacharie. Kwetu Banande, Mumbere ni mwanaume wa kwanza, na kila mutu akisikia ile jina anajua. Baba yake alikuwa mwami wa kilima cha Vuhimba, kule ku baridi, ngambo ya Lubero. Batu ba inje banazania mutoto wa kwanza njo anarizi kiti ya baba. Kwetu si vile. Siku mwami anakalishwa, banamupatia bibi mumoja wa desturi, na mwanaume wa kwanza wa ule bibi njo atakuwa mwami kisha yeye. Ule mwenye alitangulia kuzaliwa, na bibi mwengine, banamuita mukulu. Mukulu anavalisha mudogo yake taji ya mwami. Siku mudogo anakufa, ni mukulu anamuzika, hakuna mutu mwengine anaweza kugusa ule mwili. Na kati ya ile siku ya taji na ile siku ya kaburi, ku Vuhimba, bale ndugu babili habaonane hata mara moja. Mukulu anavuka muto, anaenda kukaa mbali. Mumoja akiangalia mwenzake mu macho, batoto ba ule mwenye aliangalia banakufa.

Baba alikuwa kijana wa ndevu mbili tatu wakati alivalisha Syauswa. Syauswa, baba yangu mudogo, alikuwa bado ananyonya kidole. Mikono ya Baba ilitetemeka, taji ikaanguka mpaka mu masikio ya ule mutoto, batu bakacheka. Habakucheka mutoto, balicheka Baba. Kisha balimusindikiza Baba mpaka ku muto, bakamupa mbuzi dume na jembe, bakamugeuzia mugongo bote pamoja, vile desturi inaomba. Mbuzi aliipeleka. Jembe aliiacha pale pale mu majani. Hajakamata ingine mpaka leo.

Alishuka Butembo, akajenga karibu na Rughenda, kule ndege zinatelemukia. Akaoa Mama yangu Berthe, binti ya mukateshista wa Kyondo. Mu mwanzo alikuwa ananunuaka kahawa ya bacommerçant benye balikuwa banaipeleka Kasindi. Kazi ilimushinda juu alitaka babebaji bapige magoti mbele ya kumupokea gunia. Siku moja baliacha magunia yote mu mvua, bakaenda kwao. Tangu ile siku Baba anakaa. Mama njo analima, Mama njo anauza sombe na maharagi ku soko.

Miye nilisoma mpaka mwaka wa ine. Mwaka wa tano, prime, ile feza ya masomo, iligeuka kasiksi, pombe ya ndizi. Baba alikuwa ananunulia pombe kila mutu mwenye alikubali kumuita Mwami. Paulin, mutengenezaji wa kinga, ni kusema baiskeli, mwenye anakaa mbele yetu, alijua ile mambo muzuri. Kila magaribi alikuwa anavuka njia na kikombe yake.

"Mwami," anasema.

Baba anamumwangia.

"Mwami wangu mukubwa."

Baba anaongeza.

"Tokeni hapo, batoto, munafunika jua ya Mwami." Na kikombe inajaa, na Paulin anarudi ku nyundo yake, anacheka mu kiganja.

Mu nyumba tulipiga magoti mbele ya kumupatia maji. Hatukupita mbele yake, tulipita nyuma. Bandugu zangu babili balikufa na surua mu mwaka moja, na Baba alisema ni Syauswa mwenye alimuchungulia ku soko, akaleta kifo mu nyumba.

"Ile laana inapiga ule mwenye aliangalia," Mama akamuambia. "Kama Syauswa alichungulia, ni bake balipashwa kufa. Bangu balikufa na surua, na weye ulikuwa ku cabaret."

Alimupiga juu ya ile. Mama alirudilia kuisema, na akamupiga tena.

Kisha vita ikafika. Mu ile miaka, 2000 na 2001, basoda balikuwa bengi kuliko batu ba soko. Kulikuwa ba Uganda, kulikuwa baasi benye bureau yao ilikuwa Beni, na bale baasi balikuwa banapasuka kila wakati, bakubwa bapya banafukuza bakubwa ba zamani. Baba alisikia kama komanda wa Beni anaondoa bamwami na anaweka bengine. Alivaa koti yake nyeusi na kofia ya ngozi ya nyani, akapanda lori ya Fuso, akaenda.

Vile alituelezea akirudi, komanda alikuwa mutu wa mbali, mwenye hajue mambo yetu. Baba alimuambia, "Miye ni mutoto wa kwanza wa mwami. Kiti ni yangu, balininyanganya." Komanda akasema, "Mutoto wa kwanza? C'est logique, ni vile inapashwa. Rudi kwako, muzee. Tutakuya kukukalisha." Baba alielezea ile mambo mu nyumba, kisha ku barabara, kisha kwa Paulin, kisha ku cabaret. Hakusema hata mara moja kama mukulu hakaake ku kiti. Na hakuna mutu alimukumbusha, juu pombe ilikuwa yake.

Lakini mbele arudi na ile habari, mugeni alishafika kwetu.

Ilikuwa muchana, mvua inanyesha. Muzee mumoja jina yake Sikuli, mutumishi wa kule ku kilima, aliingia mu lupango ya nyumba yetu na muzee mwengine mwenye kubeba mufuko ya chumvi ku kichwa. Ule wa chumvi alikuwa mwembamba, na matope mpaka mu magoti.

"Mama Providence," Sikuli akamuita Mama na jina yangu, "mukulu iko?"

"Iko Beni. Juu ya nini?"

"Basoda balichoma Vuhimba. Banasema kilima ililisha Bamai-Mai, bale bapiganaji ba pori. Banatafuta Mwami bamuue." Sikuli akapangusa uso. "Mwami ni huyu."

Mama alikaa chini mu matope.

"Mu Butembo nzima," akasema, "mulikosa nyumba ingine?"

"Nyumba ziko. Mais kila mwenye nyumba anaweza kumuangalia, na mutu mwenye anaweza kukuangalia anaweza kukuonyesha. Huyu mukulu wenu hawezi."

Mama alisimama, akatundika kirago ku mulango ya jikoni. Baba yangu mudogo aliingia na chumvi yake, akakaa kati ya kuni na masufuria. Ni pale nilimuona mara ya kwanza. Alikuwa na uso wa Baba. Masikio ya Baba, mupuwa ya Baba, na ile mudomo ya chini yenye inajitokeza kama mutu anakataa chakula.

Baba akarudi toka Beni, anaimba. Mama akamungojea pa mulango ya lupango.

"Baba Providence, nyuma ya kirago kuko mutu. Usiangalie."

"Nani?"

"Ule mwenye ulivalisha."

Baba alicheka mpaka nikaona meno yake ya nyuma, sijayaonaka mbele ya ile siku. Alikamata kiti, akaipeleka mpaka ku kirago, akaigeuza, akakaa na mugongo karibu sana, mpaka angeweza kusikia vile mwenzake anatafuna.

"Basi amekuya kwa mwami," akasema.

Hakumutoa kwa basoda. Batu ba leo njo hapo banaona moyo muzuri. Miye nilisikia vile alimuambia Mama: alitaka Syauswa abaki jikoni, hai, mpaka komanda akuye, ili asikie na masikio yake ngoma ya kumukalisha Baba. Alikuwa anamuchunga kama vile munachunga kuku ya Noeli.

Desturi inakataza macho, na maneno pia inapashwa kupita mu mutu wa tatu. Ule mutu nilikuwa miye. Nilikaa ku pembe ya kirago, muguu moja huku, muguu moja kule, ninaona nyuso zote mbili, na balinitumikisha.

"Providence," Baba akasema, "uliza mugeni kama bundu ya mihogo ya mama yako inamutosha, ao anazoea kulishwa na kilima muzima."

Syauswa akamaliza kumeza. "Mwambie bundu ni nzuri. Mwambie niko naona bibi njo analima, bibi njo anauza, bibi njo anapika. Yeye ni mwami wa nini?"

Niligeuka. "Anasema bundu ni nzuri."

"Alisema maneno mingi kuliko ile."

"Nzuri sana."

Baba akatema mate. "Mwambie komanda anakuya. Nitakaa ku kiti, na yeye nitamuacha hapa tu, achunge masufuria yangu."

Syauswa akakohoa. Alikuwa na kifua mubaya, alikohoa kila saa. "Mwambie siku alinivalisha taji nililia. Batu banasema nililia na woga. Ni mikono yake, ilikuwa inanuka pombe."

"Mwongo," Baba akasema, na hakupitia kwangu. "Mutoto wa kidole mu kinywa anajua harufu ya nini?"

"Nilijua yake," Syauswa akajibu, naye hakupitia kwangu.

"Munyamaze," Mama akasema toka ku moto. "Bajirani iko ku lupango."

Vile ilikuwa kila siku, mpaka Mama alianza kuenda ku shamba mbele jua itoke, juu asisikie.

Basoda balikuya saa ya kula muchana. Balikuwa na gari, na hatukujua hata mumoja wao. Komanda wa kwanza, ule mwenye aliahidi Baba kiti, benzake balikuwa bameishamufukuza, mais habari ile ilikuwa haijafika ku Rughenda. Baba alipoona gari inasimama ku lupango yetu, uso yake ilifunguka. Alisimama. "Berthe, koti," akasema. Mama akamuletea. Akavaa kofia.

Mukubwa wa basoda akaingia. "Mwami wa Vuhimba iko wapi? Balituambia iko mu hii quartier."

Paulin alikuwa ku barabara na kinga yenye alipindua magurudumu juu. Bajirani balikuwa bote ku majani ya lupango, banatazama. Bote balikuwa banamungojea.

"Ni miye," Baba akasema. "Mulikawia."

Soda mumoja akamupiga kofi, kofia ikaruka mpaka ku maji ya kuku. "Njo weye mwenye kulisha Mai-Mai?"

Sasa sikia muzuri, juu ni hapa batu banaharibu hadisi. Baba alielewa pale pale. Nilimuona anaelewa. Aligeuza kichwa nusu, upande wa jikoni, na kinywa yake ikafunguka. Neno moja ilikuwa inatosha: iko pale ndani. Nyuma ya kirago Syauswa alikuwa ameshika kikohozi na mikono mbili, macho imemutoka. Mama alikuwa na mwiko hewani. Na Baba akaangalia ku barabara, akaona Paulin, akaona bale bote benye balikunywa pombe yake na kumuita Mwami. Ili aokoke, angepashwa kusema mbele yao, miye si mwami, sijawahi kuwa.

Akafunga kinywa. Balimufunga mikono na kamba, bakamutupa mu gari kama gunia.

Hakuficha ndugu yake. Alificha haya yake.

Kisha kidogo habari ikafika toka Beni. Kilima cha Vuhimba ilete mbuzi juu ya mwami yao, bila vile batamupeleka mu pori abebe masanduku ya masasi. Batu ba miaka yake benye balipelekwa kubeba masanduku, hatujaona mumoja anarudi.

Mama akafunga bundu na maharagi mu majani, tukapanda Fuso ya mbao, miye na yeye. Bureau ya komanda mupya ilikuwa mu duka ya zamani, bado kulikuwa harufu ya sabuni. Soda mwenye kusimama ku mulango alikuwa kijana wa kwetu, Kamate, na Mama akafurahi kidogo kusikia Kinande.

"Komanda," Mama akasema, "mulikosa mutu. Huyu si mwami. Ni mukulu. Jina yake ni Mumbere. Uliza huyu kijana wako kama Mumbere anaweza kuwa mwami."

Kamate akajikuna shingo. "Ni kweli, komanda. Kwetu wa kwanza hakaake ku kiti."

"Na mwami mwenyewe?"

"Alivuka Kasindi, iko Uganda," Mama akasema. Hakupepesa hata jicho.

Komanda akaamuru balete Baba. Alifika anatembelea pembe ya muguu, mudomo imevimba. Hakutusalimia.

"Vieux, bibi yako anasema weye si kitu."

Mulango ya kutoka ilikuwa wazi. Mama aliifungua, akaingiza muguu ili isifungike. Baba angesema tu, ni kweli, na tungerudi naye ku Fuso ile ile.

Alimuangalia Mama vile mutu anaangalia mbwa ya jirani. "Huyu ni mupishi wangu," akasema. "Mambo ya nyumba ya mwami atayajulia wapi?"

"Donc weye ni mwami."

"Ni miye."

Komanda akacheka mpaka akapiga meza. "Mama, umesikia. Mutu akijiita mwami mbele ya bunduki, miye ni nani nimukatalie? Kilima ilete mbuzi."

Tukitoka, Mama akamupa Kamate chakula. Kamate akapokea na mikono mbili, vile mutoto mwenye adabu.

"Nitamupatia, mama. Mais anakatalaka kula tusipomuita Mwami. Basi tunamuita, tunacheka, njo anakula."

Mu Fuso Mama alikaa juu ya gunia ya mihogo, anaangalia barabara inarudi nyuma.

"Providence, ungekuwa miye, ungefanya nini?"

"Ningemuacha."

"Miye pia," akasema. "Mais ni miye nitaishi na macho ya batu, si weye." Na ku nyumba akaenda kusimama mbele ya Syauswa.

Kirago ilikuwa imeondolewa, juu mwenye kukatazwa kuona hakuwa pale. Syauswa alikuwa anakaa ku jua, chini, juu ya mbao. Kiti ya Baba hakuigusa. Mama akaelezea bintu yote, hata ile ya mupishi. Sikuli, mwenye alikuwa anakuya na kurudi kati ya kilima na kwetu, akakasirika.

"Mbuzi hapana," akasema. "Mbuzi zikitelemuka Vuhimba juu yake, kilima yote imemupigia magoti. Ni ile tu alitaka tangu zamani. Atarudi atasema, munaona, balinilipia kama mwami."

"Na zisipotelemuka anakufa," Mama akasema.

"Akufe. Alikuwa anakungojea, Mwami, azime moto yako."

"Mwami, shemeki yangu," Mama akasema, "sikulombi juu ninamupenda. Ninalomba juu sitaki batu baseme kama ni miye nilimuua."

Kesho yake nilikuwa nasugua masufuria, Syauswa akaniita.

"Baba yako anakunywaka kila siku?"

"Kila siku."

"Anakohoaka?"

"Hapana. Iko na nguvu."

Akaitika na kichwa, akaita Sikuli. "Peleka mbuzi."

"Mwami, utamupigia magoti ule mulevi?"

"Akitangulia kufa, nani atanizika?" Syauswa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mutu mwenye anachagua mbegu. "Mutu mwengine hawezi kunigusa. Nitabaki juu ya udongo, nzi zinifunike, na kilima itaona. Hii kifua haitaniacha miaka mingi. Mbuzi si za kununua ndugu. Ni za kununua mwenye atanizika." Akanigeukia. "Akirudi utamuambia hivyo. Maneno yote, Providence. Usipunguze vile unazoea kupunguza."

Ku Vuhimba mbuzi zilikuwa chache kisha ile moto. Sikuli alielezea vile mujane mumoja, Vagheni, alifungua mbuzi jike yake ya pekee, akamutupia kamba mu uso. "Ile mulevi iko na muguu muzuri bado? Basoda bavunje na ule mwengine," akasema, akaingia mu nyumba yake yenye haina tena paa. Na mbuzi zikashuka mpaka Beni, basoda bakazikula, bakafungua mulango.

Baba akarudi na fimbo. Muguu ya kuume iligeuka, haitarudi. Toka ku barabara kubwa mpaka kwetu alisimama ku kila lupango. "Vuhimba ilitoa mbuzi juu yangu," anasema. "Kilima nzima. Munasikia? Kilima nzima."

"Mwami, umekonda," Paulin akamuambia, na ile siku hakucheka.

Syauswa alikuwa ameisharudi ku kilima, juu basoda balitoka kule. Jikoni ilikuwa ya Mama tena. Baba alikaa, akanyoosha ule muguu, akasema nimuletee maji. Nilileta. Sikupiga magoti. Akainua fimbo.

"Niko na maneno ya baba mudogo," nikasema. "Aliniambia nisipunguze."

Nikasema yote. Kifua, nzi, udongo, mbuzi. Mama alikuwa anachambua maharagi, hakuinua kichwa, mais mikono yake ilisimama. Paulin alikuwa ku lupango, alisikia pia. Nilizania Baba atanipiga. Fimbo ilibaki hewani, kisha ikashuka.

"Alisema kifua yake ni mubaya?"

"Ndiyo."

"Mubaya sana?"

"Alikohoa kila saa yenye alikuwa hapa. Ulisikia weye mwenyewe."

Baba akatabasamu. "Basi," akasema.

Ile magaribi Paulin alileta kikombe, juu ya kumukaribisha. Baba alimurudishia. Ni mara ya kwanza niliona. Kesho yake alikataa tena. Toka pale hajakunywa. Anakula mboga ya lengalenga, anakula maharagi bila mafuta mingi, analala jua ikizama. Kila asubui anatembea na ule muguu mubaya mpaka ku uwanja wa ndege na kurudi, jasho inamutoka, meno imeshikana. Pasta wa Mama anasema kasho, ile gereza ya Beni, ilimubadilisha, anataka atoe ushuhuda ku kanisa. Bajirani banasema, tazama mutu mwenye aliteseka juu ya ndugu. Miye ninamusikia vile anahesabu pumzi. Anataka kuwa wa mwisho. Anataka kuona ile uso mara moja tu, na macho imefungwa, na atupe udongo juu yake na mikono yake.

Na kule ku kilima, Sikuli anatuambia, Syauswa naye aliacha pombe. Anachemsha majani ya mukalitusi, anavuta moshi yake chini ya blanketi, hatoke inje kukiwa baridi.

Vita haijaisha. Mutoto wa Paulin balimuchukua ku barabara ya Mangina, hajaonekana. Mama Jokébed wa jirani alizika batatu. Bale ndugu babili hata mafua hapana.

Sikuli anakuyaka kila siku ya soko na viazi ya kuuza. Mbele ya kuenda kwa bateja, anapita kwetu, anachuchumaa mbele ya Baba.

"Anauliza kama uliamuka muzuri."

"Mwambie muzuri. Na yeye?"

"Muzuri."

"Kifua?"

"Inaanza kupona."

Baba anaangalia chini kidogo, anasugua ile goti yake. "Providence," ananiita, "ongeza mboga."